Uhusiano wa "Aina" na "Sehemu" katika Upangaji wa Nyaraka za Leseni za Madini: Mfano wa Geita na Shinyanga

1.0 Utangulizi

Katika masjala ya karatasi, waraka mmoja hukaa katika jalada moja, na jalada katika kabati moja. Programu za kompyuta za kusimamia nyaraka zimeurithi utaratibu huo: folda huwa ndani ya folda, hadi kufikia waraka wenyewe. Makala haya yanaeleza kwamba ubora wa mti huo hautegemei wingi wa ngazi zake, bali uhusiano wa kimaana unaoziunganisha.

2.0 Mahusiano mawili

Wanasemantiki hutofautisha haiponimia, yaani uhusiano wa "ni aina ya", na meronimia, yaani uhusiano wa "ni sehemu ya". Leseni ya uchimbaji mdogo ni aina ya leseni ya madini; wilaya ya Bukombe ni sehemu ya mkoa. Katika kompyuta mahusiano yote mawili huonyeshwa kwa namna moja, kwa hiyo ni rahisi kuyachanganya.

3.0 Tatizo la mipaka

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Bukombe ilitoka Shinyanga na Chato ilitoka Kagera. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka saba. Ichukuliwe, kwa mfano, leseni iliyotolewa Bukombe mwaka 2011. Mti unaoanza na mkoa ungeiweka chini ya Shinyanga. Lakini ombi la kuihuisha, likifika baada ya mgawanyo, lingefunguliwa jalada jipya chini ya Geita. Mchimbaji anayetetea eneo lake angeweza kuambiwa kwamba kumbukumbu zake hazipo, hali zipo. Kulihamisha jalada lote hakutoshi, kwani anayefuata barua za zamani zilizotaja Shinyanga angekuta folda tupu.

4.0 Upangaji unaofaa

Ngazi ya juu iwe aina ya leseni, na ya pili iwe leseni yenyewe kwa namba yake. Ndani yake ziwemo sehemu zake: maombi, ukaguzi, malipo na migogoro. Meronimia hii haiguswi na mabadiliko ya mipaka. Mgogoro ukihusu leseni mbili, waraka ukae katika jalada moja, na jalada la pili liwe na rejea. Mahali pasiwe folda, bali paandikwe katika maelezo ya waraka pamoja na mwaka: "Bukombe, Shinyanga hadi 2012, Geita tangu 2012". Hivyo atafutaye kwa jina lolote kati ya hayo mawili ataupata waraka uleule.

5.0 Hitimisho

Aina nazo hubadilika sheria inapobadilishwa. Hata hivyo, leseni hubeba jina la aina yake na sheria iliyoitoa, ilhali ardhi iliyochimbwa haibebi jina la mkoa. Kwa hiyo, kabla ya kuunda folda ya kwanza, mpangaji hana budi kujiuliza: je, kilicho chini ni aina ya kilicho juu, au ni sehemu yake?