Injini Ilikuwa Nzima

Saa 7:25 usiku wa 26 Machi 2024, taa za meli ya makontena Dali zilizimika ghafla. Ilikuwa ndiyo kwanza imetoka bandari ya Baltimore, Marekani, kuelekea Colombo, na Daraja la Francis Scott Key lilikuwa mbele yake, umbali wa kilomita moja tu. Hazikupita dakika tano, daraja likawa majini. Vibarua sita waliokuwa juu yake wakitengeneza barabara walikufa.

Anayeijua dizeli ya lori atauliza: taa kuzimika kunaihusu nini injini? Dizeli haina plagi. Hewa ikibanwa ndani ya silinda hupata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Kweli. Ila pampu ya maji na ya oili za lori huzungushwa na injini ileile. Melini sivyo. Injini kubwa ya meli ina kimo cha nyumba ya ghorofa, huzunguka polepole, chini ya mara mia kwa dakika, na shafti yake imeshikana na rafadha moja kwa moja bila giaboksi. Ukitaka kurudi nyuma, huna budi kuisimamisha, kisha kuiwasha upya kwa hewa iliyobanwa izunguke kinyume. Oili, maji ya kupoza na mafuta yake huletwa na pampu za umeme. Pampu zikisimama, presha hushuka, na injini hujizima ili vyuma visisagane. Ndivyo ilivyokuwa Dali: injini ilikuwa nzima, ikajiokoa, meli ikabaki ikielea kwa kasi iliyokuwa nayo.

Ipo jenereta ya dharura, ambayo kwa kanuni za kimataifa za usalama wa meli lazima iwake na kutoa umeme ndani ya sekunde 45. Lakini kazi yake ni taa, redio na pampu ya usukani, wala haiiwashi injini kuu. Na usukani wa meli hupata nguvu nyingi kutokana na maji yanayosukumwa na rafadha. Rafadha ikilala, utaugeuza utakavyo na meli yenye urefu wa mita 300 itakusikiliza kwa uvivu mno.

Umeme wenyewe ulikatikaje? Dali huzalisha volti 6,600, kisha transfoma huzishusha hadi 440 kwa ajili ya pampu na taa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waliufuata mkondo huo hadi kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongozea swichi kuu ya transfoma. Waya ulikuwa umevishwa lebo, kile kijibomba cha plastiki chenye namba ambacho sisi mafundi hukivisha ili tusipotee. Lebo ilikaa karibu mno na ncha, ikazuia waya kuzama sawasawa kwenye kibanio. Ukashika kwa kubahatisha, kisha ukalegea. Swichi ikadhani umeme umekosekana, ikafyatuka.

Mabaharia waliurudisha umeme ndani ya muda wa kama dakika moja, nami nawavulia kofia, maana gizani dakika hiyo ni fupi. Ukakatika tena. Mara hii kisa kilikuwa kingine: jenereta zilizokuwa zikifanya kazi zililetewa mafuta na pampu iliyokusudiwa kusafishia mabomba, ambayo umeme ukikatika haijiwashi yenyewe, ni lazima mtu aende kuibonyeza. Jenereta zikakosa mafuta. Hili linanikera kuliko ule waya. Waya uliolegea waweza kukaa kimya miaka, umejificha kati ya maelfu ya wenzake. Pampu isiyo mahali pake huonekana na kila mwenye zamu, hadi ikawa mazoea.

Ule waya nao una dawa yake. Kamera ya joto huonyesha viungio vingi vinavyopata moto kwa kulegea. Na ukimaliza kufunga, vuta kila waya kidogo kwa vidole viwili. Ukitoka, haukuwa umeingia.