Miji Yetu ya Kale (3): Chokaa ya Mji Mkongwe

Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua kwamba tuliuacha mji wa Unguja mikononi mwa Sultani Seyyid Barghash. Leo nilikusudia kueleza mabomba aliyoyatandika kuwafikishia watu maji ya chemchemi, lakini habari za ukarabati wa jumba lake la Beit al-Ajaib zimerudi magazetini nami siwezi kuzipita.

Jumba hilo la 1883 lilikuwa na nguzo za chuma, na baadaye likatiwa umeme na lifti wakati wengi hawajapata kuviona. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga Forodhani, lilipo jumba hilo, kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, liliharibiwa na halikujengwa tena. Mnara uliokuwa mbele ukavunjika. Beit al-Ajaib likabaki wima. Kilicholishinda ni kupuuzwa: mwaka 2012 kipande cha baraza zake kilidondoka, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ikaporomoka na kuua watu wawili.

Jumba la mfalme huandikwa magazetini. Nyumba za vichochoroni huanguka kimyakimya, na ni hizo zinazoninyima usingizi, kwa sababu dawa yake waliijua babu zetu: chokaa.

Walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakayachoma mpaka yakawa meupe, wakayamwagia maji, kisha wakaifunika chokaa na kuiacha ikomae. Fundi anayejiheshimu hakugusa chokaa changa. Iliyokomaa ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ukuta ukanyanyuliwa kwa unene wa nusu mita na zaidi. Juu zililazwa boriti za mikoko, nyingi kutoka Rufiji, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti ikamwagwa sakafu ya mawe na chokaa, watu wakajipanga safu wakiipiga kwa vijiti, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka ikakaza. Sijaona mahali pengine ambapo kazi nzito imefanywa kwa adabu kama hiyo.

Ukuta wa namna hiyo hupumua. Mvua ikiingia, jua huitoa. Ukiupaka lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, mawe humomonyoka, na ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza bila mtu kujua. Tafuta lipu ya saruji iliyopasuka chini ya dari, uikwangue kwa msumari. Unga wa kahawia utakaodondoka ni ncha ya mti uliokuwa umebeba ghorofa nzima na watu wake.

Tunayo Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe tangu 1985, na UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 2000. Hata hivyo saruji inauzwa kila duka, fundi wake humaliza kwa siku mbili, na mpangaji maskini hana wa kumshauri. Huyo namwonea huruma. Mwenye hoteli anayepachika ghorofa ya zege juu ya kuta za matumbawe hana udhuru wowote. Anahatarisha roho za wageni wake na za majirani kwa ajili ya vyumba vichache vya kupangisha.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba: kabla ya masika, zibueni mifereji ya paa, bandueni lipu ya saruji, mwiteni fundi wa chokaa. Nayo serikali iwakabidhi mafundi wazee waliobaki vijana wa kuwafundisha, na iwalipe wote wawili mshahara, mwalimu na mwanafunzi. Makala ijayo tutavuka kwenda Lamu.