Kwa nini mgonjwa hutolewa kitandani mapema baada ya upasuaji

JAMAA wengi hushtuka wanapomkuta mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji jana yake akijikokota wodini, muuguzi amemshika mkono. Wengine hunung’unika kwamba anateswa na kwamba mshono utafumuka.

Hofu hiyo si ngeni. Mwaka wa 1899, Dkt Emil Ries wa Chicago, Marekani, alipotetea kuwainua wagonjwa mapema, wenzake wengi hawakumfuata. Hadi miaka ya 1940 ilikuwa kawaida mgonjwa kulazwa chali kwa siku nyingi, na wengine walipatwa na nimonia au damu iliyoganda miguuni.

Kiini cha suala hili ni oksijeni. Chembe nyeupe za damu huihitaji ili kuua bakteria walioingia kidondani. Seli zinazoziba kidonda nazo huihitaji kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara. Ikipungua, kidonda huchelewa kupona na huoza kwa urahisi.

Mgonjwa anapolala tu, sehemu za chini za mapafu hunywea na makohozi hutuama. Akiketi, akisimama na kupiga hatua chache, huvuta pumzi kwa kina, nayo misuli ya miguu husukuma damu kurudi moyoni.

Hata hivyo, kutembea pekee hakutoshi. Baridi, maumivu makali, upungufu wa maji mwilini na uvutaji sigara hubana mishipa midogo ya ngozi, oksijeni ikashindwa kufika kidondani. Ndiyo maana blanketi, dawa za maumivu kwa wakati ufaao na maji, daktari akiruhusu, ni sehemu ya matibabu.

Lakini kutembea si ruhusa ya kuchota maji wala kushika jembe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa mfano, hushauriwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake katika majuma ya kwanza. Aliyevunjika mguu naye asiukanyagie kabla daktari hajamruhusu.

Mgonjwa akitoka usaha, akipata homa, akivimba mguu mmoja au akipumua kwa shida, arudishwe hospitalini bila kukawia.

Kwa hivyo, ukimtembelea jamaa yako na umkute wima, usimhimize arudi kulala. Mpe mkono, mwende pamoja hadi dirishani na kurudi.