Nguvu ya injini ilipotelea wapi?

Mashua ya tanga huonekana haina haja ya injini mpaka upepo unapokatika huku mkondo ukiisukuma kwenye mwamba, au inapobidi iingie gatini katikati ya vyombo vilivyobanana. Hapo nahodha anasukuma mkono wa mafuta mbele, na injini badala ya kuitika inanung'unika, inashuka, inazima.

Nchini Marekani na Kanada, injini ya petroli iliyozoeleka mno ndani ya mashua za namna hiyo ni Atomic 4. Ilitengenezwa na kampuni ya Universal Motor huko Oshkosh, Wisconsin, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1980, na kiwandani zilitoka takriban 40,000. Ina silinda nne, ujazo wa lita moja na ushei, na nguvu za farasi 30 inapokimbia kwa kasi yake yote. Valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda, muundo wa kizamani, lakini ni injini rahisi kufungua na vipuri vyake bado vinapatikana. Ndiyo maana nyingi zinanguruma hadi leo.

Injini hizi zikipungukiwa nguvu, wenyewe hukimbilia dukani. Plagi mpya, koili mpya, kabureta mpya, na mashua bado haiendi. Naamini kabisa kwamba fedha nyingi zingebaki mfukoni iwapo mtu angeuliza kwanza: nguvu imepotea vipi? Ghafla au polepole? Injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikiwa huru au ikiwa kwenye gia?

Kabla ya yote, pua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja hushuka hadi kwenye ngama na kutulia humo, na mashua haina upenyo wa chini wa kuutoa. Boti za petroli za Marekani zenye feni ya kutolea mvuke hubandikwa onyo kwamba feni hiyo iwashwe kwa dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Asiyefunua mbao za sakafu akanusa ngama kwa pua yake mwenyewe asiguse waya wa plagi, maana anayetafuta cheche penye mvuke anatafuta mlipuko.

Sasa tusikilize. Injini iliyokatika mara moja, kama taa iliyozimwa, kwa kawaida imekosa umeme. Iliyoyumba kwanza, ikapanda, ikashuka, ikakohoa kisha ikazima, mara nyingi imekosa mafuta. Tofauti hiyo ndogo inakupunguzia nusu ya kazi.

Kuna hali moja inayowahangaisha wengi: injini inakwenda vizuri kwa nusu saa hivi, inazima, na ukiiacha ipumzike inawaka tena bila taabu. Wa kwanza kushukiwa ni koili. Katika Atomic 4 nyingi koili imefungwa juu ya injini yenyewe, inapokea joto lote, na ikizidiwa huacha kutoa moto. Kuihamishia kwenye ukuta wa mashua ni tiba nzuri. Lakini tangi lililoziba tundu lake la kupumulia hufanya vilevile. Petroli inatoka, hewa haiingii, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Wakati unangoja, hewa inapenya kidogo kidogo na mambo yanakuwa sawa kwa muda. Ili kuwatenganisha, mara tu injini inapozima legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, umempata. Nenda nje kwenye ubavu wa chombo utazame tundu la hewa. Huenda nyigu amejenga humo kwa udongo.

Petroli yenyewe nayo ina vituko vyake. Ya Marekani leo kwa kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya maji. Yakizidi, vyote viwili hujitenga na kuzama chini ya tangi, palepale mdomo wa bomba la kunyonyea unapokaa. Mwagia mafuta ya kabureta kwenye chupa ya kioo, injini ikiwa baridi, uyaache yatulie: maji utayaona yamejikusanya chini, na chembe za kutu pamoja nayo.

Injini ikipanda vizuri ikiwa huru lakini ikafa kwenye gia, usiilaumu kabla hujazama kuangalia propela. Makombe na mwani vikiota hapo na chini ya chombo, farasi wote 30 watachoka bure. Wenye majahazi wa pwani yetu, wanaopaka vyombo vyao deheni tangu enzi, walilijua hili kabla injini haijafika baharini.

Ikitetemeka na kukosa mapigo, chomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, silinda yake imekufa tayari. Kama waya zimebadilishwa karibuni, hakiki mpangilio: Atomic 4 huwaka 1-2-4-3, na fundi aliyezoea magari, ambayo mengi ya silinda nne huwaka 1-3-4-2, mkono wake humpeleka huko bila kufikiri. Kama waya ziko sawa, pima mgandamizo wa silinda. Huenda valvu imenasa kwa kutu. Na hapa pana mtego: ukipiga stata muda mrefu huku koki ya maji ya bahari iko wazi, maji hujaa kwenye sailensa kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, kisha hurudi hadi kwenye silinda. Funga koki unapohangaika kuwasha, na uifungue mara injini inapoitika.

Mwizi wa mwisho ni yule asiyeshukiwa, bomba la moshi. Mahali moshi wa moto unapokutana na maji ya chumvi, kutu na masizi hujijenga mwaka hadi mwaka. Injini inawaka kwa urahisi, inatembea taratibu bila kosa, ila kasi ya juu imegoma, na kwa kuwa ilipungua polepole mwenyewe ameshaizoea. Pima shinikizo la moshi kwa geji, au injini ikipoa fungua kiungo kile uchungulie ndani. Bomba lililoziba namna hiyo halisafishiki likadumu; likate, weka jipya.