Mkopo wa SACCOS una bei yake

Wafanyakazi wengi wa mshahara wa kawaida huniuliza swali moja: akiba niweke benki au nijiunge na SACCOS ya kazini? Mimi huwashauri waende SACCOS, ila wajue wanachokiingia, maana wengi huvutwa na riba tu.

Hiyo riba nayo ina mambo yake. Chukua mkopo wa Sh milioni 3 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwezi hadi mwisho, utalipa riba ya Sh 540,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, huku ukirejesha Sh 250,000 za mkopo kila mwezi, riba yote inakuwa Sh 292,500. Asilimia ni ileile, lakini Sh 247,500 zimebaki mfukoni mwako. Kwa hiyo popote unapokopa, uliza riba inapigwaje. SACCOS nyingi hutumia salio linalopungua, si zote.

Halafu kuna hesabu ambayo haiandikwi kwenye fomu. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Ili upate milioni 3, lazima uwe na milioni 1 humo, na hutaigusa hadi umalize deni. Fedha ambayo hukuwa nayo ni milioni 2 tu, ilhali riba unailipia milioni 3. Akiba hiyo inaweza kupata faida kidogo mwisho wa mwaka, chama kikifanya vizuri. Lakini mwenye shida ya leo, ambaye hajaweka kitu, hana lake huko. Huyo aende benki.

Wadhamini ndio uti wa mgongo wa mfumo huu tangu zamani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama chake cha mikopo huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, wanachama walibeba madeni kwa pamoja. Kwetu, mwenzako uliyemdhamini akishindwa kulipa, makato yanahamia kwenye akiba yako. Hata hivyo watu husaini fomu ya udhamini kantini, chai mkononi, bila kumuuliza mwombaji ana mikopo mingine mingapi. Ukishasaini, akiba yako nayo imefungwa kwa deni lisilo lako.

Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi Sh milioni 7.5. Kinga hiyo haifiki SACCOS. Kwanza, basi, ulizia leseni: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka, na mtoaji ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Kisha hudhuria mkutano mkuu, ukiwa na kabrasha ulilolisoma. Tafuta mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati; ikizidi asilimia 5 ya mikopo yote, bodi ina maelezo ya kutoa. Tafuta pia ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama kinaruhusiwa kukopa nje. Ajenda hii hupitishwa haraka haraka, mikono juu, kwa sababu chakula na nauli vinasubiri. Ni kosa. SACCOS inayokopa benki ili ikukopeshe wewe hulipa riba ya benki, na unafuu ulioufuata unaliwa njiani.

Mtu wa mshahara ningemwambia agawe: mshahara na fedha za dharura zikae benki, akiba ya kila mwezi ikatwe kwenda SACCOS. Kabla ya kukatwa mara ya kwanza, asome kipengele cha kujitoa. Kwa kawaida akiba hurudishwa baada ya muda wa notisi, mradi hudaiwi wala hujamdhamini anayedaiwa. Hisa ni jambo jingine: mara nyingi hazirudishwi taslimu, inabidi umpate mwanachama wa kuzinunua.