Maneno Yenye Matawi (Sehemu ya Tatu): Piga

Wahariri wa Oxford English Dictionary walipolipitia upya neno "run", kazi hiyo ilimchukua mmoja wao, Peter Gilliver, karibu miezi tisa. Alipomaliza, alikuwa amehesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Kabla ya hapo ubingwa ulishikwa na "set", ambalo katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lilipewa maana 430. Mtoto anayekimbia, mto unaotiririka, pua yenye mafua, injini inayonguruma, mama anayesimamia duka lake na mwanasiasa anayewania kiti: Mwingereza huwahudumia wote kwa neno hilo hilo moja fupi.

Mwanafunzi wa Kiswahili akilikuta neno la aina hii katika mtihani wa Kiingereza hukata tamaa. Huona kwamba Kiingereza ni lugha ya hila, lugha isiyosema inachomaanisha. Katika sehemu mbili zilizotangulia nilijaribu kumwondolea hofu hiyo kwa mifano ya Kiingereza chenyewe. Leo nataka kumrudisha nyumbani, kwa sababu neno la namna hiyo analo kinywani tangu alipoanza kusema, na halijawahi kumsumbua.

Twende Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, pale unapokaribia Transmara upande wa Narok. Soko la mifugo la Ogwedhi hukutanisha Wajaluo, Wamaasai, Wakuria na Wakisii, na mfanyabiashara anayetoka mbali zaidi hakosekani. Kila mmoja huja na lugha ya mama yake, lakini bei hukatwa kwa Kiswahili. Mfuate fahali mmoja tu, tangu bomani hadi kwenye lori.

Kabla hajaletwa sokoni amepigwa dawa ya kupe, na huenda amepigwa sindano ya chanjo. Pajani amepigwa chapa ili ajulikane ni wa nani. Mchungaji anampigia mluzi njia nzima. Kibali cha kumsafirisha kinapigwa muhuri. Dalali anapiga domo kumsifu, mnunuzi anapiga hesabu kichwani, kisha anapiga hatua mbili nyuma kama mtu anayeondoka. "Mzee, nipunguzie kidogo," anasema. Mzee anatikisa kichwa. Mnunuzi anampiga fahali picha, anaituma kwa kaka yake aliye Rongo, halafu anampigia simu wakashauriane. Wakikubaliana, fedha zinapita kwa M-Pesa, dereva wa lori anapiga honi, safari inaanza. Fahali akiugua siku ya tatu, mnunuzi atawaambia majirani neno moja tu: "Nimepigwa." Nao wataelewa kwamba ametapeliwa.

Katika shughuli yote hiyo, aliyechapwa kwa fimbo ni fahali peke yake.

Je, maana hizi zote zina uhusiano, au ni rundo tu lililojikusanya ovyo? Mimi naamini zina uhusiano, na ukizitazama kwa makini utaona njia ambayo neno limepita. Asili yake ni pigo: mkono au kifaa kinakutana na kitu kwa nguvu. Ngoma hupigwa hivyo, msumari hupigwa hivyo, chuma cha chapa huwekwa ngozini kwa namna hiyo. Baada ya hapo nguvu inapungua, kinabaki kifaa kinachogusa kitu: pasi juu ya nguo, mswaki juu ya meno, deki sakafuni, randa juu ya ubao. Pigo huzaa sauti, basi neno likahamia kwenye sauti: piga kelele, piga filimbi, piga mbiu, piga hodi. Na pigo huja ghafla, basi likahamia kwenye mambo ambayo mwili huyafanya kwa ghafla au kwa mkupuo: piga chafya, piga miayo, piga magoti, piga mbizi. Hata mtu aliyepigwa na butwaa amepatwa na jambo lililomshukia bila kubisha hodi.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii ndiyo iliyolifanya neno hili litajirike kuliko mengine. Kiswahili hupokea nomino za wageni kwa urahisi mno. Simu imetoka kwenye neno la Kiajemi la waya, chapa imetoka Kihindi, kura imetoka Kiarabu, picha na jeki zimetoka Kiingereza. Kitenzi cha kigeni ni kazi zaidi, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma: nafsi, wakati, mtendwa, kauli. Kwa hiyo badala ya kukitia kitenzi cha mgeni katika taabu hiyo, Kiswahili huichukua nomino yake na kuikabidhi kwa piga, ambalo tayari limezoea kazi zote. Jeki ilipofika na magari, siku hiyo hiyo ilikuwa na wakati uliopita, wakati ujao na kauli ya kutendwa: tulipigwa jeki, watapigwa jeki. Haikuchukua muda, jeki ikaacha magari na kuanza kuinua biashara na timu za mpira.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uzuri wote ulipo. Mtu hawezi kusema "nimempiga simu". Husema "nimempigia simu". Lakini husema "nimempiga picha", bila kiambishi -i-. Kwa nini? Kwa sababu anayepigwa picha ndiye mwenye kufikwa na tendo. Kamera imemlenga yeye. Anayepigiwa simu yuko mbali. Kinachopigwa ni simu, naye ni mlengwa tu wa tendo hilo. Ndiyo maana mgombea hupigiwa kura na kupigiwa debe, mgonjwa hupigwa sindano, na beki hupigwa chenga. Sasa linganisha sentensi hizi mbili: "Mwalimu alimpigia makofi" na "Mwalimu alimpiga makofi." Katika ya kwanza mtoto amefanya vizuri na anashangiliwa. Katika ya pili mtoto analia. Silabi moja imegeuza sifa kuwa adhabu, na hakuna mtoto wa Kiswahili wa miaka mitano anayezichanganya.

Kiambishi hicho kimepata nguvu kiasi kwamba sasa kinaweza kubeba maana peke yake. "Nipigie jioni." Simu haikutajwa, na hakuna anayeuliza nipige nini. Neno simu limeondoka, maana yake imebaki ndani ya kitenzi. Hivi ndivyo maana mpya huzaliwa katika lugha yoyote: neno hukaa na mwenzake muda mrefu mpaka mwenzake akiondoka, alichokuja nacho kinabaki. Tanzania jambo hilo limekwenda mbali zaidi. Huko "upigaji", bila kutaja kilichopigwa, ni wizi wa mali ya umma.

Msomaji Mjaluo wa Migori au Homa Bay huenda amekuwa akitabasamu tangu mwanzo, kwa sababu anajua ninakoelekea. Kwa Kijaluo, kupiga ni "goyo". Na goyo hufanya kazi zile zile. Goyo simu, goyo pas, goyo picha. Goyo nduru ni kupiga yowe. Goyo chong ni kupiga magoti. Goyo thum ni kupiga muziki, iwe nyatiti au gitaa. Goyo mbaka ni kupiga gumzo. Goyo ombulu ni kupiga kura. Zaidi ya hayo, Mjaluo hupiga hata shukrani: goyo erokamano. Waswahili tumepiga vitu vingi, lakini shukrani tumeendelea kuitoa tu, na nawaonea Wajaluo wivu kwa hilo.

Jambo hili lina uzito kwa mwenye kujali lugha. Kijaluo si lugha ya Kibantu. Ni ya Kiniloti, na babu yake na babu wa Kiswahili hawakuzaliwa nyumba moja. Mganda akisema okukuba essimu, okukuba ekifaananyi na okukuba akalulu kwa simu, picha na kura, tunaweza kudhani ni urithi wa Kibantu. Vivyo hivyo kwa Mkongomani ambaye kwa Kilingala hupiga mpira na kupiga soga kwa kitenzi kimoja, kobeta. Lakini goyo? Simu na pas ni wazi ziliingia na mashine zenyewe, na pengine zilikuja zimeongozana na desturi ya Kiswahili. Nyatiti na yowe hazikungoja mtu wa pwani. Naona Kijaluo kilikuwa na njia yake tayari, na Kiswahili kilipofika kikakuta mlango uko wazi. Hata Mwajemi, aliye mbali na sisi sote, hutumia kitenzi chake cha kupiga, zadan, kwa simu na kwa mswaki.

Wageni waliokuja kuiandika lugha yetu waliliona jambo hili mapema. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ililipa piga nafasi kubwa na kueleza jinsi linavyoungana na nomino za kila aina. Sisi wenyewe tumetoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015, na ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, hakuna kati yake inayokuambia maana fulani ilionekana lini kwa mara ya kwanza, katika gazeti gani, kinywani mwa watu wa wapi.

Waingereza wanaijua historia ya "run" kwa sababu mwaka 1879 James Murray, mhariri wa kamusi ile ya Oxford, aliwaomba wasomaji wa kawaida wasaidie. Kila mmoja asome vitabu, akikuta neno limetumika kwa namna inayostahili kuangaliwa, aandike sentensi nzima kwenye kikaratasi, na mwaka na jina la kitabu, ampelekee. Vikaratasi vilimiminika kwa mamilioni. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijakwisha. Ilikamilika mwaka 1928.

Sioni kwa nini jambo hili lisifanyike hapa. Kuna Chuo Kikuu cha Rongo, kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya huko Homa Bay, vyote vina wanafunzi ambao wamekulia kati ya lugha mbili au tatu. Mwanafunzi mmoja akae Ogwedhi siku ya soko na daftari, mwingine Mbita wavuvi wanapouza omena, mwingine Isebania mpakani. Waandike sentensi kama zilivyosemwa, siku, mahali, na lugha ya mama ya msemaji. Wasisahihishe chochote. Hasa waandike makosa, au kile ambacho mwalimu angekiita kosa, maana ndipo maana mpya zinapoanzia. Wazee wanaosema Kiswahili cha soko walichojifunza kabla ya simu za mkononi wangali hai, na vikaratasi vyao viandikwe kwanza.

Sehemu ya nne itahusu "kula", ambalo huandamana na kiapo, hasara, njama na rushwa. Msomaji mwenye sentensi aliyoisikia kwa masikio yake mwenyewe aiandike pamoja na mahali na siku, ailete.