Nguruwe pori shambani: uombe leseni ya bunduki?

Wakulima wenzangu, mahindi yakianza kubeba tu, simu ni zile zile: "Afisa, nguruwe wananimaliza. Nikanunue bunduki?"

Subiri kwanza. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni inaombwa. Safari inaanzia serikali ya kijiji, inapanda hadi polisi na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Kote huko swali ni moja: silaha ya nini, na wapi?

Hapo "wapi" ndipo vijana wengi wa Matombo na Mkuyuni mnakwama, maana mashamba ni ya kukodi, tena kwa mdomo. Andikishaneni na mwenye shamba mbele ya mtendaji wa kijiji: mipaka, muda, na kwamba amekubali silaha itumike humo. Kule New South Wales, Australia, anayetaka kuua wanyama waharibifu kwenye ardhi ya mwingine lazima awe na ruhusa ya mwenyewe. Huku kwetu nakushauri ufanye hivyo hata kabla hujaulizwa.

Na leseni ya silaha siyo kibali cha kuwinda. Ukimfuata nguruwe hadi ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, unahesabika jangili. Gobore la babu lisilo na leseni, lisalimishe polisi.

Kwa ekari mbili tatu, mimi ningeanza na uzio na zamu za kulinda usiku. Ukipata hasara, piga picha, mwite afisa wanyamapori wa halmashauri aje aone kabla hujang'oa mabua.